Nani Alikanyaga Kwanza? Stori ya Tenzing Norgay na Maripota Waliomngoja Chini ya Everest

Ilimchukua Tenzing Norgay miaka 18 na safari 7 kufika juu ya Everest. Kutoka juu kabisa hadi Kathmandu, kwa maripota na umati uliokuwa ukimngoja, ilikuwa siku 22 tu. Na ukiangalia maisha yake vizuri, hiyo safari fupi ya kushuka ndiyo ilimkalia kwa roho miaka mingi.

Shuleni tulifunzwa kipande tu. Mei 29, 1953, Edmund Hillary wa New Zealand na Tenzing Norgay wakawa watu wa kwanza kufika kilele cha mlima mrefu zaidi duniani, mita 8,848. Kwa mtihani unaandika hivyo, unapata maki zako, unasonga. Chenye hatukuambiwa ni venye swali moja, nani kati ya hao wawili alikanyaga kwanza, lilimfuata huyu msee kila mahali, na venye lilikaribia kumharibia jina mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia.

Tuanzie nyuma kidogo.

Alizaliwa 1914 kwa familia ya wafugaji wa yak, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya kama blanketi. Alikuwa mtoto wa 11 kati ya 13, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Kuna wanaosema alizaliwa upande wa Tibet, lakini alikulia Thame, kijiji cha Nepal chini ya milima ile mikubwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Namgyal Wangdi. Lama mkuu wa monasteri ya Rongbuk ndiye aliyelibadilisha likawa Tenzing Norgay, jina ambalo maana yake ni kama mfuasi wa dini mwenye bahati na mali. Mali haikuwepo. Shule pia haikuwepo. Tenzing aliongea lugha kadhaa fiti kabisa, lakini kusoma na kuandika hakujua, na kalamu aliishika zaidi kutia sahihi jina lake. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Kitu kingine cha kuweka sawa mapema: Sherpa si jina la kazi. Ni jamii ya watu, kama venye Wataita ama Wameru ni jamii. Watalii wamelizoea neno hilo hadi wanafikiri maana yake ni mbeba mizigo. Mkenya mwenzetu Cheruiyot Kirui alipofariki Everest Mei 2024, alikuwa na Nawang Sherpa, ambaye naye hakurudi. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi uliskia jina la Kirui hapa nyumbani, na ni mara ngapi uliskia la Nawang.

Tenzing alihepa home akiwa kijana. Mwaka wa 1932 akatua Darjeeling, India, wakati huo chini ya Mwingereza. Nepal ilikuwa imejifungia wageni, kwa hivyo mbogi za wazungu zilizotaka Everest zilikuwa zinajipanga Darjeeling kisha zinazunguka kupitia Tibet. Mboka ya kubeba mizigo milimani ilikuwa na doh kuliko kuchunga ng'ombe za watu, na pia ilikuwa na heshima fulani mtaani. Mwaka wa 1933 alijaribu kuingia kwa safari ya Waingereza, akachujwa. Hakuwa na cheti chochote cha kuonyesha amewahi kupanda.

Sasa cheki hapa, kuna kona ya Kenya. Msee aliyemchukua mwaka wa 1935 alikuwa Eric Shipton. Shipton alikuja Kenya 1928 kufanya kazi kwa mashamba ya kahawa, na mwaka wa 1929, pamoja na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni hapa, wakawa watu wa kwanza kusimama juu ya Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya. Ni hapa hapa Kenya pia Shipton alikutana na Bill Tilman, mzungu mwingine wa kahawa, wakaanza kupanda pamoja. (Tilman alipochoka na ukulima alinunua baiskeli akaiendesha kutoka Afrika Mashariki hadi pwani ya magharibi ya bara. Hao wasee hawakuwa na TikTok, na bado walikuwa wanafanya hizo vitu.) Kwa hivyo miaka hiyo, Shipton alipokuwa anachagua maporta Darjeeling na nafasi chache zimebaki, akamwona kijana wa miaka kama 20 mwenye tabasamu kubwa, akasema huyu aongezwe. Tilman naye ndiye aliyeongoza safari ya Everest ya 1938, na Tenzing alikuwa ndani. Huo mwaka alibeba mzigo hadi juu ya mita 8,000, mahali mwili wa binadamu unaanza kuzima polepole kwa kukosa hewa. Himalayan Club wakampa medali ya Tiger.

Lakini hizo zote, 1935, 1936, 1938, alienda kama mtu wa mizigo. Stori zilizoandikwa zilikuwa za wazungu. Porta alitokea zaidi kwa hesabu: wako wangapi, wamebeba kilo ngapi, wamegoma ama hawajagoma.

Vita vikaja, akaishi Chitral, sehemu ambayo leo ni Pakistan, na huko mke wake wa kwanza akafariki 1944. Mwaka wa 1947 akajiingiza kwa mpango wa wazimu wa Mkanada Earl Denman, mtu ambaye alikuwa ametoka kupanda volkeno za Virunga hapa kwa mpaka wa Kongo, Uganda na Rwanda, na sasa alitaka Everest bila ruhusa, bila pesa na karibu bila vifaa. Waliingia Tibet chini ya maji, wakaona mlima, wakapigwa na baridi, wakarudi. Tenzing alijua hiyo safari haina kichwa wala miguu. Alienda tu kwa sababu Everest ilikuwa imemshika.

Mwaka wa 1951 alienda na Wafaransa Nanda Devi. Wawili wao walipotelea juu, na Tenzing na Mfaransa mwingine wakapanda Nanda Devi Mashariki wakiwatafuta. Alikuja kusema hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko milima yote aliyowahi kupanda, Everest ikiwemo. Siku hizi hata mashabiki wa milima ni wachache wanaoijua hiyo stori. Hakukuwa na gazeti lililoinunua.

Kisha wakaja Waswisi, 1952. Nepal ilikuwa imefungua mipaka, na sasa Everest ilipandwa kutoka kusini. Hapo ndipo Tenzing alipoonja kitu tofauti. Walimweka kwa timu kama mpandaji, sawa na wao, na akafungwa kamba moja na Raymond Lambert, jamaa aliyekuwa amepoteza vidole vyote vya miguu kwa baridi. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walielewana kwa mikono na kicheko. Mwezi wa Mei walilala juu kabisa bila mifuko ya kulalia, wakifinyana ili wasigande, na siku iliyofuata wakafika karibu mita 8,600, juu kuliko mtu yeyote ambaye alikuwa amepanda na kurudi kusimulia. Oksijeni ikawaangusha, wakageuka. Lambert alimpa Tenzing skafu yake nyekundu. Ukiona ile picha maarufu ya kileleni, skafu ya Lambert iko shingoni mwa Tenzing.

Mwaka wa 1953 ilikuwa zamu ya Waingereza, na presha ilikuwa noma. Walikuwa wamejaribu tangu miaka ya 20, na kama wangekosa tena, Wafaransa walikuwa kwa foleni. Walimtoa hata Shipton kwa uongozi wakamweka mwanajeshi, John Hunt. Tenzing akaitwa awe sirdar, yaani mkubwa wa Washerpa wote, na pia mpandaji wa timu. Alikuwa amepanda juu ya huo mlima kuliko Mwingereza yeyote aliyekuwa hai.

Mambo yalianza vibaya. Kathmandu, ubalozi wa Uingereza uliwaweka wazungu ndani ya nyumba na Washerpa kwa gereji lililokuwa zizi la farasi, bila choo. Tenzing alipewa chumba ndani, akaamua kulala na wenzake. Asubuhi Washerpa wakajipanga barabarani mbele ya ubalozi, wakakojoa hapo hapo. Ujumbe ulifika.

Na hapa ndipo gazeti linaingia. The Times ya London ilikuwa imenunua haki zote za stori ya safari hiyo. Mkataba ulikuwa hivi: gazeti linatoa pesa, timu inaongea na ripota wa Times peke yake, wengine wote wanakaa nje. Ripota mwenyewe alikuwa James Morris, miaka 26, ambaye baadaye alijulikana kama Jan Morris. Hakuwa amewahi kupanda mlima wowote wa maana. Lakini alitembea nao, akala nao, akalala kwa hema zao, akavuka ile barafu inayopasuka ya Khumbu, akapanda hadi kambi ya nne. Wakamzoea. Mtu akiwa na homa ama amekasirika, Morris alikuwa hapo, na wao walijua hatamchomea mtu picha kesho yake.

Maripota wengine walikuwa wanatafuta njia kwa lazima. Ralph Izzard wa Daily Mail alitembea hadi kambi ya chini akiwa amevaa viatu vya raba, bila mwaliko. Alifika, enyewe, na hiyo ni bidii ya kuheshimu. Lakini hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumfungulia roho. Wengine walibaki Kathmandu na vijiji vya njiani wakinunua tetesi kutoka kwa wapiti njia na kutuma stori za jaba London.

Kwa sababu ya hao wote, Morris alitengeneza lugha ya siri. Karibu na mlima kulikuwa na redio moja tu, ya polisi wa India kule Namche Bazar, na chochote kikipita hapo kingeweza kuvuja. Kwa hivyo kila jina lilifichwa ndani ya maneno ya kawaida ya hali ya hewa na kambi. Ukiandika kwamba theluji ni mbaya, maana yake kilele kimefikiwa. Hillary alikuwa kambi iliyoachwa. Tenzing alikuwa kusubiri hali iboreke.

Kwa wengine hiyo ni bahati mbaya ya maneno tu. Lakini kwa mtu aliyesubiri miaka 18, ni ngumu kuipita bila kusimama kidogo.

Mlimani kwenyewe, Tenzing na Hillary walishikana mapema. Mwezi wa Aprili, Hillary aliruka ufa wa barafu, ukingo ukakatika, akaanguka ndani. Tenzing akachoma sururu yake kwa theluji, akazungusha kamba, akamzuia. Ingekuwa ni mtu aliyesinzia, Hillary angekuwa jina kwa ukurasa wa vifo. Kutoka siku hiyo Hillary alijua anataka kufungwa kamba moja na nani.

Mei 26 jozi ya kwanza, Bourdillon na Evans, ilifika kilele cha kusini, karibu mita 100 chini ya chenyewe, wakaishiwa nguvu na wakati. Mei 28 Tenzing na Hillary wakalala kwa hema moja kwenye mita 8,500, juu ya kijisehemu kilichoinama. Asubuhi buti za Hillary zilikuwa zimeganda kama mawe kwa sababu alizivua usiku. Tenzing alikuwa amelala nazo miguuni. Wakapoteza saa mbili wakizipasha moto kwa jiko. Saa kumi na mbili na nusu wakatoka. Kabla ya juu kuna ukuta wa mwamba na barafu wa mita kama 12. Hillary akajipenyeza wa kwanza, akamshikia Tenzing kamba, Tenzing akafuata. Saa tano na nusu mchana hakukuwa na pa kupanda tena.

Hillary alinyoosha mkono wa salamu wa Kizungu, Tenzing akamkumbatia. Walikaa dakika 15. Hillary akampiga Tenzing picha ameinua sururu yenye bendera za Umoja wa Mataifa, Uingereza, Nepal na India. Tenzing akafukia theluji kidogo juu ya peremende na biskuti, sadaka kwa miungu, pamoja na penseli aliyopewa na bintiye Nima. Picha ya Hillary akiwa juu haipo. Hillary alisema Tenzing hakujua kamera na pale si mahali pa kumfunza. Tenzing alisema alijitolea kumpiga na Hillary akatikisa kichwa. Hata kwa hilo wawili hawa hawakusimulia kitu kimoja, na walikuwa peke yao duniani pale juu.

Mei 30 walipofika kambi ya nne, Morris alikuwa hapo. Aliandika haraka, akashuka ile barafu jioni giza likiingia, akatuma mkimbiaji Namche na ujumbe kwamba theluji ni mbaya. Redio ikaurusha, na Juni 2 Times ikatoka na habari asubuhi ile ile ambayo Elizabeth alikuwa anatawazwa London, huyu huyu Elizabeth aliyegeuka malkia akiwa Treetops hapa Nyeri mwaka uliotangulia. Kama kazi ya ripota, ni moja ya bora zilizowahi kufanywa. Hakuiba siri, hakumdanganya mtu wa timu, na hakuna mpinzani aliyempita.

Shida ni kwamba huo ukuta ulijengwa kulinda stori ya Times, na haukufika hadi barabara ya Kathmandu. Kwa miezi mitatu maripota wa mataifa mengine walikuwa wamenyimwa kila kitu. Sasa timu inashuka. Waingereza walikuwa na kiongozi wa kuwasemea, mkataba wa kujificha nyuma yake, na magazeti ya nyumbani yanayowapenda. Tenzing alikuwa na sura inayojulikana sasa na kila mtu, Kiingereza cha kuokoteza, na kalamu anayoweza kutia nayo sahihi tu.

Ongeza siasa. India ilipata uhuru 1947. Nepal ilikuwa imetoka tu kwa utawala wa ukoo wa Rana. Hapa kwetu Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Bara zima la Asia lilikuwa na njaa ya kuona mtu wao amemshinda mzungu kwa kitu, kitu chochote, na sasa kuna mlima. Swali la nani alikanyaga kwanza lilikuwa limebeba zaidi ya theluji.

Juni 20 barabara ya kuingia Kathmandu ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamechora mabango yanayoonyesha Tenzing juu ya kilele akimvuta Hillary kwa kamba kama mzigo. Walimtoa kati ya wenzake, wakamrushia maua na unga wa rangi, wakampandisha kwa gari la farasi la mfalme, kiti cha mbele ni chake na wazungu wanamtazama. Na katika hiyo fujo yote, mtu amechoka, wiki tatu za kutembea, kelele kila upande, karatasi ikaletwa. Akaambiwa atie sahihi. Akatia. Karatasi ilisema yeye ndiye aliyefika kwanza.

Hangeweza kuisoma.

Ni mambo mengi yamefanywa na waandishi wa habari kwa jina la kupata stori, lakini hii iko karibu na juu kabisa ya orodha ya aibu. Aliyeandika alijua anachoandika. Aliyetia sahihi alikuwa akiwaamini watu waliokuwa wakiongea lugha yake na kulia kwa furaha mbele yake.

Jibu la upande wa pili halikusaidia. Hunt, akiwa amekasirishwa na mabango na maswali, aliwaambia maripota kwamba Tenzing ni mpandaji mzuri kwa kiwango cha uzoefu wake. Hebu fikiria. Uzoefu wa mtu aliyekuwa kwa Everest mara 7, akiongelewa na kiongozi ambaye ndiyo mara yake ya kwanza huko. Ilichapishwa kote. Tenzing akaumia, akajibu kwa hasira, nayo hiyo ikachapishwa. Watu waliokuwa wameshikiliana kamba mwezi mmoja uliopita sasa walikuwa wanaongea kupitia magazeti. Wengine wakaanza kumuuliza yeye ni wa wapi, Nepal ama India, kama kwamba lazima achague mbele ya kamera.

Juni 22, ndani ya ofisi ya waziri mkuu wa Nepal, wawili hao wakakaa chini wakakubaliana. Walitia sahihi taarifa ya pamoja kwamba walifika juu karibu kwa wakati mmoja. Huo ulikuwa ukweli wa watu wanaopanda kwa kamba moja. Kwa ripota anayesaka kichwa cha habari, ilikuwa ni kukataa kujibu, na kukataa kujibu hufanya swali liwe tamu zaidi.

Sifa pia zikagawanywa kwa mizani ya ajabu. Hillary na Hunt wakawa Sir. Tenzing akapewa George Medal. Nepal nayo ikampa Tenzing nishani kubwa ya Nepal Tara, kuliko walizopewa wenzake, kwa hivyo kila serikali ilikuwa na mshindi wake. Mtu aliyemsimamia vizuri zaidi siku hizo alikuwa waziri mkuu wa India, Jawaharlal Nehru. Alimpangia mambo ya pasipoti, na Tenzing alipokuwa anaelekea London bila nguo za maana, Nehru alifungua kabati lake akampa zake, maana saizi zao zilikaribiana. Shirika la habari la Marekani, United Press, likanunua stori ya Tenzing binafsi. Kila mtu alitaka kipande.

Kisha kukatoka kitabu rasmi cha safari, cha Hunt, na ndani yake sura ya kilele imeandikwa na Hillary. Hapo Tenzing akimaliza ule ukuta wa mwamba anafananishwa na samaki mkubwa aliyevutwa kutoka baharini, anahema. Hillary hakuwa na ubaya. Alikuwa anaandika tu kama mfugaji wa nyuki mcheshi aliyekuwa. Lakini picha hiyo ya samaki ni ile ile ya mabango ya Kathmandu, imegeuzwa tu: sasa mzungu ndiye anavuta. Tenzing alisomewa, na ikamchoma. Alipopata nafasi alieleza kwamba wote wawili walihema pale, na kwamba kamba ilimshikia mtu, haikumvuta.

Nafasi hiyo ilikuja 1955. Mmarekani James Ramsey Ullman, mwandishi aliyejua milima, alienda Darjeeling wakafanya kitabu cha maisha yake pamoja. Rafiki wa Tenzing, Mbengali Rabindranath Mitra, ndiye aliyekuwa katikati akitafsiri. Angalia tofauti na ile karatasi ya barabarani. Hapa kulikuwa na muda, kulikuwa na mtu wake mwenyewe mezani akihakikisha maneno yaliyoandikwa ni yale yaliyosemwa, na hakuna aliyekuwa akisukuma. Na katika hali hiyo Tenzing, bila kulazimishwa, akajibu lile swali.

Hillary alikanyaga kwanza. Yeye alifuata, hatua chache nyuma, kamba fupi kati yao. Akaeleza kwamba pale juu hakuna aliyekuwa akifikiria wa kwanza na wa pili, na kwamba kama kuwa wa pili ni aibu, basi ataishi na hiyo aibu. Alisema anaisema kwa sababu Everest inastahili ukweli, na kwa ajili ya wale watakaokuja baadaye.

Chukua dakika uone alichopoteza hapo. Kwa Nepal na India yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa nyimbo, kwa mabango, kwa karatasi yenye sahihi yake. Picha pekee ya kileleni ni yake. Hillary alikuwa bado hajaitoboa wazi. Kwa kitabu chake alisema tu walifika. Tenzing angenyamaza angebaki wa kwanza kwa mamilioni ya watu hadi leo. Wengine nyumbani walivunjika moyo kabisa, na wapo walioamini alilipwa aseme hivyo.

Maisha yake baada ya hapo yalikuwa Darjeeling. Nehru alikuwa amefungua chuo cha upandaji milima hapo Novemba 1954, Himalayan Mountaineering Institute, na Tenzing akawa mkuu wa mafunzo ya nje kwa miaka 22. Alifundisha vijana kufunga kamba na kukata ngazi kwa barafu. Hakurudi tena kutafuta kilele cha Everest. Alipostaafu 1976 pesa hazikuwa nyingi, akaanzisha kampuni ya kutembeza wageni. Maripota waliendelea kuja, na waliendelea kuuliza.

Alifariki Mei 9, 1986, Darjeeling. Hillary wakati huo alikuwa balozi wa New Zealand huko Delhi, akaenda kumuaga. Na miaka yote hiyo, Hillary naye alikuwa ameshikilia ile taarifa ya Juni 22, hata baada ya mwenzake kuivunja mwenyewe. Ilibidi Tenzing awe ameondoka ndipo aongee waziwazi. Kwa kitabu chake cha 1999 aliandika kwamba yeye ndiye aliyetangulia, na Tenzing akafuata mara moja, kitu ambacho Tenzing alikuwa amekisema miaka 44 kabla.